Gari kongwe, gesi mpya

Majuma mawili yaliyopita tulikuwa Ngamiani, katika gereji moja isiyo na kibao wala ukuta, penye mwarobaini mkubwa ambao ndio paa la mafundi wote wa pale. Hatukwenda kutafuta habari. Tulikwenda kutengeneza breki, nasi tulikuwa tumeketi juu ya tairi kuukuu tukingoja zamu yetu, alipoingia mzee mmoja na gari lake aina ya Mercedes-Benz, lile umbo la 123 ambalo Wajerumani walianza kuliuza mwaka 1976 wakaendelea nalo hadi katikati ya miaka ya 1980. Lilikuwa la rangi ya maziwa, limetunzwa kama kanzu ya Idi.

Vijana wa leo hawajui kwamba gari la namna hii liliwahi kuwa tusi. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu wa Afrika Mashariki walibuni jina la kabila jipya, Wabenzi, wakawaita hivyo wakubwa waliopita barabarani vioo vikiwa vimefungwa huku wananchi wakila vumbi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataka viongozi wajitenge na anasa za namna hiyo. Mzee huyu hakuwa Mbenzi. Gari alilinunua katika mnada, shirika moja la umma lilipofungwa, kwa kiinua mgongo chake, naye hulipeleka gereji kwa miguu yake mwenyewe bila dereva wala mtumishi. Tunayasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba tunamtetea mtu anayetaka kustarehe.

Haja yake ilikuwa hii. Mke wake anaumwa figo, na mara tatu kwa juma hana budi kutoka Muheza kuja mjini hospitalini kusafishwa damu. Miezi hii ya kaskazi jua la saa nane halina huruma. Vioo vikifunguliwa huingia vumbi na moshi wa malori. Vikifungwa, ndani ya gari huwa tanuri. Mama hutoka hospitalini akiwa hana nguvu hata za kushika kitambaa cha kujifutia jasho. Kiyoyozi cha gari hakijapoza kwa miaka, na mzee alikuwa hakijali, hata ilipofika hali hii.

Fundi kijana alimwamkia vizuri. "Shikamoo mzee." "Marahaba, baba. Habari za kazi?" Akafungua boneti, akafunga geji zake, akatazama. Sindano ilipanda kidogo. "Mzee, bado imo gesi kiasi. Lakini ni ile ya zamani, kumi na mbili. Haiuzwi tena. Naimwaga hii, tunapiga mia thelathini na nne, nusu saa unaondoka zako." Akachukua spana.

Mzee akamshika mkono. "Usifungue, mwanangu. Ukifungua itakwenda wapi?"

"Inakwenda hewani tu, mzee. Haina harufu, haimdhuru mtu."

"Hewani kwa nani?"

Kijana akacheka, lakini spana akaiweka chini. Breki zetu zilikuwa zimekwisha kitambo. Hatukuondoka.

Swali lile la mzee, ambalo pale lilionekana kama mzaha wa wazee, liliwachukua wataalamu wa dunia karibu nusu karne kuliuliza. Gesi iitwayo R-12 ilibuniwa mwaka 1928 nchini Marekani na Thomas Midgley pamoja na wenzake, kwa ajili ya majokofu ya kampuni ya General Motors. Kabla yake majokofu yalitumia amonia, au dioksidi ya salfa, au kloridi ya methili, vitu ambavyo vikivuja usiku humkuta mwenye nyumba amelala na kumwacha amelala milele. Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akaivuta gesi yake mpya kifuani, kisha akaipuliza juu ya mshumaa, mshumaa ukazimika. Haina sumu, haiwaki. Hapana shaka ilikuwa rehema kwa watu wa wakati ule. Mtu huyo huyo ndiye aliyekwisha kugundua kwamba madini ya risasi yakitiwa katika petroli huzuia injini kugonga, nasi tumeivuta risasi hiyo mapafuni mwetu hadi Afrika kusini ya Sahara ilipoiacha petroli ya namna hiyo mwishoni mwa mwaka 2005. Ni nadra mja mmoja kuiachia dunia urithi wa namna mbili kama huu, na wote kwa nia njema.

Uzuri wa R-12 ndio uliokuwa ubaya wake. Haiungani na kitu, haiozi, haioshwi na mvua. Ikimwagwa Ngamiani hukaa angani kwa kiasi cha miaka 100, ikipanda taratibu hadi juu kabisa, na huko ndiko mwanga mkali wa jua unakoivunja na kuitoa klorini iliyofungwa ndani yake. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba chembe moja ya klorini hiyo yaweza kuvunja maelfu kwa maelfu ya chembe za ozoni, ambayo ndiyo pazia linalotukinga na miale mikali ya jua. Wenye viwanda waliwakejeli. Mwaka 1985 Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, wakatangaza kwamba juu ya Ncha ya Kusini pazia hilo linatoboka kila majira ya kuchipua. Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995.

Yafaa tuseme kweli hapa, maana wapo wahubiri wa mazingira wanaotia chumvi. Ozoni iliyo juu ya ikweta haikupungua kama ile ya ncha za dunia. Lakini sisi wa ikweta tunapigwa na jua la utosini mwaka mzima, na tunao ndugu zetu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwakata wakiwa bado vijana. Nchi ya namna hii haina cha kuchezea katika pazia lake. Fauka ya hayo, kilo moja ya R-12 hutia joto duniani sawa na tani zaidi ya 10 za hewa ukaa.

Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1989. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 na jamaa zake kufikia mwaka 1996. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010, na mwaka 1990 mjini London ukakubaliwa mfuko wa kuzisaidia, kwa hoja ambayo wanyonge waliisimamia imara: aliyechafua zaidi na alipe zaidi. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Leo nchi zote za Umoja wa Mataifa zimo, na wataalamu wanatazamia tundu la Ncha ya Kusini lizibe kufikia miaka ya 2060. Mikataba ya dunia mingi ni makaratasi. Huu umefanya kazi.

Alhasili, fundi kijana alisema kweli kuhusu jambo moja: R-12 haiuzwi tena, na akitokea mtu kukuuzia, ama ameitoa katika gari bovu bila kuisafisha, ama amejaza kitu kingine. Kwa hiyo mwenye gari kongwe hana njia ila kugeuza mtambo wake utumie R-134a, ile ambayo magari mapya yalianza kutoka nayo viwandani katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Haina klorini, haigusi ozoni. Alichokosea kijana ni kudhani kwamba kugeuza ni kumwaga hii na kumimina ile.

Fundi mkuu wa gereji ile, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na maneno machache, alitoka chini ya lori akalipokea shauri hilo. "Mzee, ukitaka ya nusu saa, kijana atakufanyia. Utapoa miezi miwili. Kisha kompresa itakufa, na bei ya kompresa unaijua." Akaeleza kwa nini, nasi tunayaandika maelezo yake kwa urefu kwa sababu tunajua wapo wasomaji wenye Corolla, Cressida, Peugeot na Land Cruiser za miaka ile ambao wamekwisha kuuziwa nusu saa hiyo.

Kompresa ni moyo wa kiyoyozi, na moyo huo huishi kwa oili. Oili haikai mahali pamoja kama ya injini. Husafiri na gesi, ikazunguka mabomba yote, ikarudi. Gesi ya zamani ilikwenda na oili ya madini, kwa kuwa viwili hivyo huyeyukiana. R-134a haiyeyukiani na oili hiyo. Ukiimimina katika mtambo wa zamani, oili huachwa nyuma, ikatuama katika mabomba ya mbele na ya ndani kama matope katika mfereji, na kompresa hubaki ikisagana chuma kwa chuma. Kwa siku za kwanza baridi hutoka safi kabisa, na mwenye gari humwombea fundi dua. Siku inapokata roho, chengachenga za chuma huwa zimesambaa mtambo mzima.

Kwa hiyo oili ya zamani hutolewa, kompresa ikafunguliwa na kuinamishwa ikatiririka yote, mabomba yakasukumwa kwa dawa ya kusafishia na kukaushwa. Kisha hutiwa oili mpya. Ziko za namna mbili. Iliyo katika magari mapya huitwa PAG. Ni nzuri, lakini hunyonya unyevu wa hewa kama chumvi ya mawe wakati wa masika, tena haipatani na mabaki ya klorini yanayobaki katika mtambo wa zamani hata ukiusafisha vipi. Kwa gari la kugeuza, fundi mkuu hutumia oili ya esta, ambayo huvumilia mabaki hayo. Akasisitiza kipimo: ipimwe kwa chombo, isikadiriwe kwa jicho.

Kisha vioringi. Kila kiungo cha bomba kina kipete cha mpira, na vya zamani ni vyeusi, vimekwisha kuwa vigumu kama kucha. R-134a ina chembe ndogo zaidi, hupenya pale ambapo R-12 haikupenya. Vinavyofaa ni vya mpira ulioongezewa nguvu, ambavyo aghalabu hutiwa rangi ya kijani ili fundi avitambue. Havizidi bei ya kikombe cha chai kimoja kimoja, wala hakuna sababu ya kumwacha fundi avipitie "vile vinavyoonekana vibaya" tu. Vyote. Mabomba ya mpira nayo hutazamwa: yenye nyufa hutupwa, na yale mazima, yaliyokwisha kunywa oili kwa miaka mingi, mara nyingi huizuia gesi vizuri kuliko yanavyodhaniwa. Ya mzee yalikuwa mawili mabovu, moja zima.

Kipo na kikopo cha kukaushia, ambacho mafundi hukiita filta. Ndani yake mna punje za kunyonya maji. Punje za zamani hazikuundwa kwa gesi mpya wala oili yake. Tena kikopo kilichokaa wazi kimekwisha kushiba unyevu, na maji yakikutana na gesi na joto huzaa asidi, nayo asidi hula mtambo kutoka ndani bila mtu kuona. Kikopo hubadilishwa kila mtambo unapofunguliwa. Tunajua mafundi wanaokipiga rangi na kukirudisha. Nao wanajijua.

Jambo ambalo halina dawa kamili ni kondensa, ule wavu ulio mbele ya rejeta unaotoa joto nje. Gari la mzee lina wavu wa namna ya zamani, bomba moja refu lililopindwapindwa katikati ya mapezi. Gesi mpya, joto linapopanda, hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa kuliko ile ya zamani, na hudai wavu wenye uwezo zaidi. Ulaya, kwenye nyuzijoto 20, hayo hayaonekani. Tanga, katika foleni, saa nane ya Februari, yanaonekana. Fundi mkuu alimwambia mzee bila kuficha: "Njiani utapata baridi. Ukisimama muda mrefu, itapungua. Nikikuambia vinginevyo nitakuwa nakudanganya." Akapendekeza wavu uoshwe, mapezi yake yanyooshwe, feni ya mbele ihakikishwe inazunguka kwa nguvu, na iwekwe swichi ya kukata kompresa mgandamizo ukizidi. Mwenye fedha hununua wavu wa kisasa wenye mifereji myembamba mingi. Mzee hakuwa nazo.

Mambo haya yote, alisema, ni kazi ya siku nzima, na bei yake ni mara tatu ya ile ya nusu saa. Mzee akanyamaza kidogo. Kila mtu pale alijua fedha zake zinakokwenda. Kisha akauliza kama Alhamisi yafaa, kwa kuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni siku za mama.

Ikabaki ile gesi ya zamani. Gereji haina mashine ya kunyonyea gesi. Gereji nyingi za mji huu hazina. Fundi mkuu alimpigia simu mwenzake anayefundisha chuo cha ufundi, naye akaahidi kuja na mashine ya chuo Alhamisi asubuhi, bila malipo ila nauli. Nasi tukaahidi kurudi.

Ilinyonywa gesi ya gramu 300 kwa mizani. Kijana yule alitazama kile kimtungi akasema, "Ndiyo hiyo tu?" Tukamfanyia hesabu kwa kijiti mchangani. Gramu 300 za R-12 ni sawa na tani 3 za hewa ukaa na zaidi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kiasi cha kilo 2.3. Basi ile spana yake ya Jumamosi, mzunguko mmoja wa mkono, ingekuwa sawa na kuchoma zaidi ya lita 1,300 za petroli: matangi 20 ya lita 65. Kijana hakujibu. Baadaye tulimsikia akimwelekeza mwenzake hesabu ile ile.

Baada ya vioringi, oili, kikopo na mabomba, ikaja pampu ya kunyonya hewa. Hapa ndipo fundi mwenye haraka anapojulikana. Pampu hunyonya mpaka geji ionyeshe karibu inchi 29 za zebaki chini ya sifuri, na katika utupu huo maji yaliyojificha huchemka bila moto yakatoka kuwa mvuke. Dakika kumi hazitoshi katika mji wa pwani wenye unyevu kama huu. Ilikwenda saa nzima. Kisha pampu ikazimwa, na geji ikaachwa nusu saa nyingine kuona kama sindano itarudi. Haikurudi. Wakati huo wote mafundi walikunywa chai, wakazungumza mpira.

Kujaza kulifanywa kwa mizani tena. Mtambo ulioandikiwa kilo 1 ya R-12 haupewi kilo 1 ya R-134a, bali gramu 800 hadi 850. Wapo wanaojaza mpaka bomba litoke jasho, wakidhani wingi ndio baridi. Kumbe huongeza mgandamizo, baridi ikapungua, na kompresa ikaumia. Sisi tuliosomeshwa chuoni kabla ya kusomeshwa shule tulifundishwa mapema onyo la wanaopunja mizani. Hatukufundishwa kwamba iko na dhuluma ya kuzidisha. Mwisho, milango ya kujazia ikafungwa viungo vya gesi mpya, ambavyo makusudi havikubali mpira wa gesi ya zamani, na karatasi ikabandikwa chini ya boneti: aina ya gesi, aina ya oili, uzito, tarehe. Karatasi hiyo ni amana kwa fundi atakayekuja baadaye, asije akachanganya kwa kutojua.

Mtungi wenyewe wa R-134a haukuaminiwa hivi hivi. Fundi mkuu aliuweka kivulini hadi ukapata joto la hewa, akaufunga geji. Kwenye nyuzijoto 30, R-134a halisi hukaa karibu na paundi 97 kwa inchi ya mraba. Ukikuta tofauti kubwa, irudishe kwa muuzaji. Msomaji asiidharau habari hii. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka katika bandari za Vietnam na Brazil, watu wakafa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba yalijazwa gesi iliyoitwa R-134a lakini ndani yake imo kloridi ya methili, ile ile sumu ya majokofu ya zamani, ambayo ikikutana na alumini huzaa kitu kinachowaka kikigusa hewa. Kadhalika wapo wanaojaza gesi ya kupikia. Ni kweli hupoza, tena vizuri. Lakini bomba la kiyoyozi hupita ndani ya gari, mbele ya magoti ya abiria, na ikitoboka huko, cheche ndogo tu yatosha. Mtu afanyaye hivyo katika gari la abiria bila kuwaambia hastahili kuitwa fundi.

Tunajua swali ambalo msomaji makini analo tayari mdomoni. Je, hii gesi mpya nayo haijakwisha kuwa ya zamani? Ndivyo. R-134a haigusi ozoni, lakini kilo yake moja hutia joto duniani kama kilo 1,300 au zaidi za hewa ukaa. Mwezi Oktoba 2016, katika mji wa Kigali, jirani zetu hapa, mataifa yalikubaliana kuipunguza pamoja na jamaa zake. Sehemu kubwa ya nchi zinazoendelea zilipaswa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, zikaanza kupunguza mwaka 2029, na kufikia mwaka 2045 zibakize asilimia 20 tu. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2017 gari jipya haliruhusiwi kuwa nayo.

Hapa tunayo manung'uniko, nasi hatutayameza. Gesi zote mbili zilibuniwa mbali, zikatajirisha walio mbali, na magari yaliyozibeba yaliletwa kwetu yakiwa yamechoka. Kila zinapobadilishwa, fundi wa chini ya mwarobaini ndiye anayetakiwa kununua geji nyingine, mashine nyingine na elimu nyingine. Mfuko uliokubaliwa London mwaka 1990 uliundwa kwa ajili yake, na ni haki yake kuuliza mashine ngapi zimefika mtaani kwake. Lakini manung'uniko hayo hayampi mtu ruhusa ya kufungua nati. R-134a ndiyo inayofaa gari kama la mzee kwa sasa, maana kiyoyozi chake hakiwezi kugeuzwa kuwa cha mwaka huu. Kinachotakiwa ni mtambo usiovuja, na siku gari litakapovunjwa, gesi inyonywe.

Inyonywe, kisha iende wapi? Hapo ndipo tulipokwama siku ile. Kimtungi cha gramu 300 kimefungwa, kimeandikwa kwa rangi nyekundu R-12, uzito na tarehe, na fundi mkuu hana mahali anapopajua pa kukipeleka. Mwalimu wa chuo naye anacho chake, kikubwa zaidi, kwenye stoo. Itifaki ya Montreal inazo njia zilizokubaliwa za kuiangamiza gesi hii, na mojawapo ni kuichoma katika tanuri la saruji linalozunguka, ambamo moto ni mkali mno na chokaa huimeza klorini. Japani imefanya hivyo. Mji wetu unapika saruji. Hatusemi kwamba tanuri lolote lafaa bila vipimo na usimamizi, hasha. Tunasema kwamba Halmashauri, wasimamizi wa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, chuo cha ufundi na wenye kiwanda wanaweza kukaa meza moja na kulijibu swali la mafundi hawa: mtungi uliojaa upelekwe kwa nani, siku gani, na nani alipe nauli. Chama nacho kinayo matawi katika kila mtaa wenye gereji. Mikutano yetu imejadili mambo madogo kuliko hili.

Saa kumi jioni mzee aliwasha gari. Fundi mkuu alichomeka kipimajoto katika tundu la dashibodi. Nje ilikuwa nyuzi 32. Gari likiwa limesimama, kipimajoto kilishuka hadi 16 kikagoma. Wakaenda nalo barabara ya Pangani na kurudi, nasi tukiwa kiti cha nyuma. Kikashuka hadi 9. Waliposimama tena chini ya mwarobaini, kikaanza kupanda taratibu, kama alivyoambiwa.

"Kwa hiyo kwenye foleni nisizubae," mzee alisema.

"Usizubae, mzee. Na mwezi ujao uje nikague kama inavuja. Hiyo haina malipo."

Alilipa kwa noti zilizokunjwa ndogo ndogo, akizihesabu mara mbili. Ijumaa, saa nane na nusu, tulilipita gari lile likitoka mjini kuelekea Muheza. Vioo vilikuwa vimefungwa. Mama alikuwa amelaza kichwa kitini, ushungi umetulia, amelala.

Kile kimtungi bado kipo gerejini, nyuma ya pipa la oili chafu, kivulini.